Posa ya Mjukuu wa Opareta

Kila sifa njema inarudi kwa Mwenyezi Mungu, aliyetupa macho ya kuonea na kope za kuyafunika pale pasipostahili kutazamwa. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, na jamaa zake, na kila aliyefuata njia yao. Ninayoyaandika hapa ni mambo madogo. Yametokea nyumbani kwangu Ibra, na mashahidi ni wale waliokuwepo, ambao wengi wao hivi sasa wanayasimulia kwa namna nyengine.

Sisi tuliorudi Oman kutoka Unguja na Pemba tuna ugonjwa mmoja ambao hospitali haijaupatia dawa. Kila mmoja wetu alikuwa na shamba la karafuu. Kaa katika sabla yoyote ya Ibra, chumba kile cha kupokelea wageni wanaume, baada ya swala ya alasiri, uyasikilize mashamba yanavyotajwa. Ukiyajumlisha, visiwa vyote viwili havitoshi. Itabidi mikarafuu mingine ipandwe baharini. Sijapata kumsikia hata mmoja aliyekuwa kinyozi, au dobi, au mchukuzi wa bandarini. Nani basi aliyetunyoa? Nani aliyetufulia kanzu? Huuliza, na jibu huwa ni kuletewa kikombe chengine cha kahawa.

Mimi nilikuwa opareta wa sinema mjini Unguja. Nilikuwa nikikaa katika chumba kidogo juu, nyuma ya watu, penye tundu la kupitishia mwanga, nikiendesha mashine. Nilianza kijana mdogo, nikaifanya kazi hiyo mpaka nilipoondoka.

Kwa asiyeijua, kazi yenyewe ni hii. Picha ilikuja ndani ya makopo ya bati, mikanda kadhaa, na mashine zilikuwa mbili. Moja ikionyesha, nyengine inangoja na mkanda unaofuata. Mkanda ukikaribia kwisha, hutokea kidoa kidogo katika pembe ya picha, juu upande wa kulia. Ukumbini hakuna anayekiona, maana wote wanautazama uso wa mwanamke. Mimi nilikuwa nikikitazama kidoa. Kikitokea, naifungua mashine hii na kuifunga ile, na chini mtu anaendelea kutafuna, akiamini kwamba picha imejiendesha yenyewe. Mwanga ulitoka kwenye vijiti viwili vya kaboni, na ukivisahau picha inageuka manjano kama mgonjwa wa ini. Chumba kilikuwa moto kama tanuri la mikate. Magharibi nikiswali humohumo, kati ya mkanda na mkanda. Kwa rehema za Mungu sikukosa swala wala kidoa.

Opareta hajulikani ila kwa kosa. Picha ikienda vizuri, sifa ni za mwimbaji aliyeko Bombay. Ikikatika, ukumbi mzima unageuza shingo kutazama tundu langu, na matusi yale hayaendi Bombay. Nilitajiwa mama yangu na watu waliomjua mama yangu. Huko juu nilijifunza subira kuliko nilivyojifunza darsani, Mungu anisamehe kwa kusema hivyo.

Nilikuwa na desturi moja. Mwanamume na mwanamke kwenye picha wakikaribiana kupita mpaka, niliweka kiganja mbele ya mwanga, ukumbi ukawa giza mpaka watu wale wawili watakapokumbuka adabu. Hakuna aliyeniamuru, ilikuwa ni dhamiri yangu tu. Basi watu walipiga miluzi. Baadhi ya wale waliopiga miluzi kwa nguvu zaidi tuko nao hapa Ibra, na ndio wanaotupa mawaidha kila Ijumaa kuhusu vijana na simu zao. Huwasikiliza kwa adabu, nikiitazama midomo ile.

Niliporudi Oman sikukuta mashine ya kuniajiri. Nikapata kazi katika bohari ya serikali, nikatunza mablanketi na matairi mpaka nikastaafu. Alhamdulillahi, riziki ilitosha na watoto walisoma. Lakini kadiri mwanangu alivyokuwa akipanda cheo ofisini kwake, ndivyo na mimi nilivyokuwa nikipandishwa bila kuulizwa. Kwanza jamaa walisema nilikuwa "upande wa habari". Baadaye nikawa upande wa elimu. Nilijua karafuu ziko njiani zinakuja.

Zikaja na posa ya mjukuu wangu. Binti huyu ni mwalimu, amesoma chuo hapahapa Ibra, na huko chuoni alisoma na kijana mmoja wa Nizwa, mpole, mswalihina, ambaye wazee wake nao ni watu waliorudi kutoka Unguja. Kijana alifuata njia ya heshima, akawatuma wakubwa zake. Na sisi tunavyooana, posa haimtazami kijana wala binti, inatazama mababu. Fulani ni nani? Babu yake alikuwa nani kule? Mtoto anaweza kuwa na shahada na mwenendo wa malaika, akanyimwa mke kwa sababu ya alichokuwa akifanya mtu ambaye hata meno hana tena.

Aliyekuwa akiyajibu masuala hayo kwa niaba yetu ni ndugu yangu mdogo. Huyu amestaafu kutoka cheo kirefu kuliko jina lake, na hajapata kukutana na ukweli asiuone unahitaji kuvikwa kilemba. Alikuja nyumbani siku chache kabla ya wageni kufika, mwanangu yuko pamoja naye.

"Kaka, usiwe na wasiwasi," akaniambia. "Nimeshawajulisha kwamba ulikuwa na shamba."

"Shamba la nini?"

"La nini tena? La karafuu."

"Wapi?"

"Kaskazini."

"Kaskazini wapi?"

"Kaskazini, Kaka. Nani atakwenda kupima?"

Mwanangu akasafisha koo. "Baba, si kwamba tunaona haya," akasema. Mtu akianza hivyo, ujue haya imeshaingia ndani, imevua viatu, na imepewa mto wa kuegemea. Akanieleza kwamba wale ni watu wa dini sana, kwamba babu wa kijana ni mkali, na kwamba neno sinema likitajwa mbele yake mambo yatakuwa mazito. Nilimuuliza kama katika miaka yote aliyokula chakula kilichopikwa kwa jasho la mashine ile aliwahi kukwamwa na tonge. Akasema sivyo alivyokusudia.

Hao wawili nisingewajali. Lakini jioni yake mjukuu wangu alikuja mwenyewe na birika la chai ya tangawizi, akakaa chini karibu na miguu yangu kama alivyokuwa akikaa alipokuwa mdogo. Akaniambia kazi yangu anaijua, anajua ilikuwa halali, na amewahadithia hata wanafunzi wake.

"Lakini wale watu siwajui, Babu," akasema, "na huyu kijana nnamtaka. Siku hiyo moja tu, kaa kimya."

"Kukaa kimya ntakaa. Kusema uongo siwezi."

"Nani kakwambia useme uongo? Babu mdogo anatosha kwa kazi hiyo."

Nilicheka, nikamuahidi. Katika maisha yake mtoto yule hakuwahi kuniomba kitu kikubwa, na nilijua nikikiharibu hiki sitaweza kumnunulia chengine.

Wageni walifika alasiri kwa gari mbili, wanaume wakaingia sabla, wanawake wakaingia chumba cha pili. Kati ya vyumba hivyo pana mlango, na mlango huo siku za posa haufungwi sawasawa, kwa sababu ambazo kila nyumba inazijua. Babu wa kijana alikuwa mzee mrefu, bakora mkononi, ndevu zimetiwa hina. Akakaa penye heshima, halua ikaletwa, kahawa ikamiminwa. Yeye akakipokea kikombe, akakiweka chini mbele yake bila kukigusa. Hiyo ni desturi ya huku: aliyekuja na haja hanywi kahawa ya mwenyeji mpaka haja yake ijibiwe. Macho yangu yakawa kwenye kikombe kile.

Ndugu yangu akafungua mazungumzo kwa karafuu, kama nilivyotarajia. Mzee wa Nizwa akafurahi sana, akasema na yeye shamba lake lilikuwa huko huko kaskazini. Nilimwona ndugu yangu akibadilika rangi kidogo, lakini ni mtu shujaa, hakurudi nyuma. Mzee akasema shamba lake lilipakana na mto. Ndugu yangu akasema mto ule anaukumbuka, tulikuwa tukiogelea. Mzee akasema mto ulikuwa na maji baridi. Ndugu yangu akasema baridi ya kukata mifupa. Wakaendelea hivyo, mmoja akichimba mto na mwengine akiujaza maji, wakapanda minazi ukingoni, wakajenga daraja, wakaajiri wachumaji, na msimu ule mavuno yakawa mazuri sana. Mimi nimekaa kimya, nazungusha tasbihi. Sijapata kuwaona wazee wawili wakilima kwa bidii namna ile bila kutoa jasho.

Kisha mzee akanigeukia.

"Na wewe shekhe, mbona umenyamaza? Mwenye shamba ni wewe. Mikarafuu yako uliirithi, au uliipanda mwenyewe?"

Mwanangu alinikazia macho. Nyuma ya mlango nilijua yupo mtoto aliyeniomba kitu kimoja. Nilimuahidi kimya, na kimya changu kilikuwa kimefika mwisho wake, maana aliyeulizwa hivi akanyamaza amekwisha kusema ndiyo. Na ndoa ni ahadi mbele ya Mungu. Kuificha aibu ya mtu ni stara, lakini kumuuzia mtu shamba lisilokuwepo ili mjukuu wake amuoe wako ni udanganyifu, na mimi hayo niliyasoma nikiwa na jino la utoto. Nikasema bismillahi moyoni.

"Sikuirithi wala sikuipanda," nikamwambia. "Sikuwa na mkarafuu hata mmoja. Nilikuwa opareta wa sinema mjini. Nimekwambia kwa kuwa umeniuliza, na kwa kuwa hapa tunaozana, hatuuziani gari."

Ndugu yangu akakohoa. "Kaka anapenda mzaha."

"Sifanyi mzaha."

"Sinema," akasema mzee wa Nizwa, polepole, kama mtu aliyekuta unywele ndani ya halua. Akatujulisha kwamba nyumba yake ni nyumba ya Kurani. Hakuna wa kwao, mwanamume wala mwanamke, aliyewahi kukanyaga kizingiti cha sinema. Nikamwombea Mungu awazidishie. Akakisogeza kikombe mbali naye kidogo, akaishika bakora yake kwa mikono miwili kama mtu anayetaka kuinuka. Kijana, mchumba mwenyewe, alikuwa amekaa karibu na mlango. Uso wake ulikuwa mweupe kuliko kanzu yake. Nikawaza nitamtazama vipi mjukuu wangu.

Hapo ikatoka sauti chumba cha wanawake, sauti ya mwanamke mtu mzima, isiyokuwa na haraka.

"Mwenye nyumba, samahani. Sinema gani hiyo?"

Alikuwa bibi wa kijana, mke wa yule mzee. Hakuna aliyetarajia, hasa mumewe. Nikamjibu kwa heshima kwamba ni ile iliyokuwa na ngazi za chuma nyuma.

"Ulikuwa ukifanya na onyesho la wanawake? La Idd?"

"Nikifanya, bi mkubwa."

"Basi mimi na wewe tuna neno. Idd moja mkanda ulikatika, sisi tunalia, na kwenye picha mama wa watu anamtafuta mwanawe mnadani. Mkatutoa nje kwa kuwa saa ya wanaume imefika. Mpaka leo sijui kama alimpata."

Mzee aligeuka mzima mzima kuuelekea mlango. "Wewe ulikwenda sinema?"

"Nilikwenda. Na wewe ulikuwa hapo mlangoni ukiuza njugu."

Wanawake chumba kile wakapasuka kicheko, wakajaribu kukimeza, kikawatoka upya. Mzee akasema kitu kuhusu shamba, kwa sauti ndogo.

"Shamba lipi?" akauliza mkewe. "Umenioa kwa njugu. Kila nikipita unanijazia pakiti mpaka karatasi inapasuka. Ungekuwa na karafuu ungenipa karafuu."

Sabla nzima tulitazama chini, kila mtu akisoma zulia kama kwamba limeandikwa aya. Mchumba alikuwa ameufunika uso kwa ncha ya kilemba, na mabega yanamtikisika. Sikuthubutu kumtazama ndugu yangu; nilimsikia tu akimeza mate. Mto ule ulikauka palepale, na tangu siku hiyo sijausikia ukitajwa.

Mzee akaurudisha uso kutoka mlangoni. Kisha akanitazama, na safari hii alinitazama mimi, si shamba langu.

"Kumbe ndiwe wewe," akasema. "Kwa miaka ile yote sikuijua sura yako. Ulinitesa sana, bwana."

"Mimi? Kwa lipi?"

"Picha ikienda moja kwa moja, nani atatoka nje kununua njugu? Nilikuwa nikikaa pale chini na kapu langu, naomba mkanda ukatike."

"Basi dua zako zilikuwa zikikubaliwa mara kwa mara," nikamwambia. "Na matusi nikiyapokea mimi."

Akacheka, mzee yule mkali, akacheka mpaka bakora ikamdondoka. Akanihadithia kwamba alikuwa akiusikiliza mlio wa mashine kutoka nje, akijua kwa sauti yake kama leo atauza au hatauza, na kwamba katika watu wote wa mjini hakuna aliyekuwa akiniwaza kama yeye. Nikafikiri: hawa ndio mashabiki aliowapata opareta. Mmoja ukumbini anamlaani mkanda ukikatika, mmoja nje anamlaani usipokatika. Wa kumshukuru bado hajazaliwa.

Mwanangu, Mungu amjaze kheri, hapo alikumbuka kwamba yeye ndiye baba wa binti. Akakichukua kikombe kilichopoa, akataka kukimwaga amtilie kahawa mpya. Mzee akamzuia mkono.

"Ipe jibu kwanza haja yetu."

"Kunywa kahawa yako, ami," mwanangu akasema. "Mtoto ni wenu."

Akainywa baridi vilevile, yote, na tukasoma Fatiha. Upande wa pili vigelegele vilipigwa kabla hatujafika amina, jambo ambalo si adabu, lakini sikumkemea mtu.

Kabla hawajaondoka, bi mkubwa alipiga hodi mlangoni tena. Alitaka jibu lake. Yule mama alimpata mwanawe? Ikanibidi nimwambie kwamba sijui. Picha zile nilizionyesha, sikuziona. Jicho langu moja lilikuwa kwenye kaboni na la pili kwenye pembe ya picha, nikingoja kidoa. Naweza kukwambia mkanda upi ulikuwa na mkwaruzo, siwezi kukwambia nani alimuoa nani.

"Watu gani nyinyi," akasema. "Mmoja hana karafuu, mwengine hana picha. Na mnatafuta wake."

Ndoa ilifungwa Nizwa, msikitini, kwa wepesi na heshima, namshukuru Mungu. Nilikaa bega kwa bega na mzee wa njugu, ambaye siku hizi hunipigia simu kila wiki kuniuliza hali na kunilalamikia mkewe. Ndugu yangu alikuwa akiwapokea wageni. Nilimsikia akimwambia mtu mmoja kwamba kaka yake, huyo hapo, ndiye aliyekuwa na sinema kubwa kuliko zote Unguja, na kwamba mkwe wetu alikuwa mfanyabiashara wa njugu wa kimataifa. Nikamwita kando, nikamwambia hatukuwa hivyo. Akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu asiyejua thamani ya mali yake, akaniambia nimwachie yeye. Katika sabla za Ibra hivi sasa nina sinema tatu. Nimesahihisha mpaka nimechoka, na nimemuachia Mungu, ambaye hahitaji kuhadithiwa.

Siku ya kuondoka kwenda kwa mumewe, mjukuu wangu alikuja kunibusu mkono. Macho yalikuwa mekundu, lakini alikuwa akitabasamu.

"Nilikwambia ukae kimya, Babu."

"Nilikaa, mpaka nilipoulizwa."

"Nilikuwa nyuma ya mlango," akasema. "Uliposema, nilikaa chini. Nikasema basi, imekwisha." Akanishika mkono muda. "Lakini nisingetaka kwenda kwao na shamba lile, Babu. Ningelilima mpaka nife."

Nikamsomea dua kichwani, nikamfungulia mlango wa gari, nikarudi ndani kuswali.

Na wewe uliyenivumilia mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akuruzuku kazi ya halali, hata ikiwa ya nyuma ya watu na gizani, na akupe jamaa wasioionea haya. Wakiionea haya, akupe subira ya kukaa nao na ulimi wa kusema kweli pale utakapoulizwa. Akulinde wewe na kizazi chako, na atukutanishe pale ambapo hakuna mtu atakayeulizwa alikuwa na shamba gani. Amin.